Tumjue Buibui wa Mayai Yenye Miiba

Mwezi wa Julai, baada ya mavuno, tulikwenda kufungua tena darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Darasa lilikuwa limefungwa tangu masika kwa sababu watu wote walikuwa mashambani. Mabenchi yalikuwa yamerundikwa kwenye kona.

Tulipoanza kuyatoa, mama mmoja aliinua benchi, mara akaliachia.

"Mwalimu, huku chini pana mbigili!"

Tukainama kutazama. Tukaona vidonge vitatu vyeupe, vidogo, vya duara. Vilikuwa na miiba midogo pande zote, navyo vimening'inia kwenye nyuzi. Mzee mmoja akacheka. Akasema, "Mbigili haioti kwenye benchi, mama."

Ni kweli. Yale yalikuwa mayai. Na pembeni yake alijikunja buibui mdogo wa rangi ya udongo. Kijana mmoja akanyosha kidole gumba ili amfinye. Tukamzuia upesi.

Mama yule aliyeona mbigili akanyamaza kidogo, kisha akatueleza habari yake. Mwaka uliopita mtoto wake alivaa buti la mvua lililokuwa limekaa nje miezi mingi. Akalia kwamba amechomwa. Walipolikung'uta buti, akaanguka buibui wa namna ile ile, amepondeka. Majirani wakashauri mtoto achanjwe wembe ili sumu itoke, kisha apakwe unga wa betri. Wakafanya hivyo. Maumivu ya buibui yalikwisha siku ya pili. Kidonda cha wembe kilioza, kikakaa miezi mitatu.

"Buibui aliniumizia mtoto siku moja," alisema mama. "Sisi tulimwumiza miezi mitatu."

Ndugu msomaji, kwa sababu ya mama huyu tumeandika somo hili. Tunataka ujue mambo mawili: namna ya kumtambua buibui huyu bila kumshika, na la kufanya akimwuma mtu.

BUIBUI NI KIUMBE GANI?

Watu wengi humhesabu buibui pamoja na nzi, mbu na siafu. Hebu tumtazame vizuri.

Nzi ana miguu 6. Buibui ana miguu 8. Mwili wa nzi una sehemu 3: kichwa, kifua na tumbo. Mwili wa buibui una sehemu 2 tu. Sehemu ya mbele ni kichwa na kifua vilivyoungana, na miguu yote hutokea hapo. Sehemu ya nyuma ni tumbo. Buibui hana mabawa. Kwa hiyo ndugu zake wa karibu ni nge na kupe, ambao nao wana miguu 8.

Mdomoni buibui ana meno mawili makali yenye matundu madogo. Sumu hupita humo. Karibu buibui wote duniani wana sumu, maana ndiyo silaha yao ya kuulia nzi na wadudu wengine. Lakini wengi wao meno yao ni madogo, hayawezi kutoboa ngozi ya mtu, au sumu yao haitudhuru. Wanaoweza kutudhuru ni wachache. Mmoja wa hao wachache ndiye huyu wa chini ya benchi.

Wataalamu wa viumbe humwita Latrodectus geometricus. Jina hilo alipewa mwaka 1841 na Mjerumani mmoja aitwaye Carl Ludwig Koch. Sisi katika somo hili tutamwita buibui kahawia.

Wataalamu wengi wanaamini kwamba asili yake ni Afrika. Lakini siku hizi yuko katika nchi nyingi za joto. Mwaka 1935 alionekana Florida, huko Marekani. Mwaka 1995 alionekana Japani. Amefikaje huko kote? Hujificha ndani ya makasha, chini ya viti na kwenye magari, yeye pamoja na mayai yake. Mizigo ikisafiri, naye anasafiri. Basi na wewe ukileta kijijini viti, matairi au mbao kutoka mjini, vitazame kwanza.

ALAMA TANO ZA KUMTAMBUA

Alama ya kwanza: umbo na ukubwa.
Mwili wa jike ni kama punje ya njugu mawe. Urefu wake ni kama sentimita 1, au kuzidi kidogo. Tumbo ni la duara na nene. Miguu ni mirefu na myembamba. Miguu ya jozi ya tatu, ukihesabu kutoka mbele, ni mifupi kuliko mingine. Hana manyoya marefu. Dume ni mdogo sana kuliko jike, na hasumbui watu.

Alama ya pili: rangi.
Mara nyingi ni kahawia kama udongo wa ukuta wa tembe. Lakini wengine ni wa kijivu, na wengine wamekolea hata kukaribia weusi. Wale wachanga wana madoadoa mgongoni, meupe na ya rangi ya chungwa. Miguu ina mapingili, yaani rangi nyeupe nyeupe na rangi nyeusi zinapokezana. Kwa kuwa rangi zake hubadilika, usimtambue kwa rangi peke yake.

Alama ya tatu: chapa ya tumboni.
Chini ya tumbo ana chapa ya rangi ya chungwa au nyekundu. Umbo lake ni kama ngoma ya muheme wanayopiga akina mama wa Kigogo: nene juu, nene chini, kiunoni imebanwa. Usimgeuze kwa mkono ili uione. Ngoja usiku. Buibui huyu hukaa kwenye utando wake kichwa chini, tumbo juu. Ukimulika kwa tochi, hata tochi ya simu, chapa utaiona bila kumgusa.

Alama ya nne: utando.
Wako buibui wanaotanda utando mzuri wa mviringo kama gurudumu la baiskeli. Huyu hafanyi hivyo. Utando wake umevurugika, hauna mpango. Nyuzi zinakwenda huku na huku, tena ziko chini chini, karibu na ardhi. Lakini nyuzi hizo ni ngumu. Ukizikata kwa kijiti utasikia zinalia ta-ta-ta, kama zinararuka.

Alama ya tano: mayai.
Hii ndiyo alama kubwa kuliko zote. Jike hutaga mayai ndani ya kifuko alichokifuma kwa nyuzi zake. Kifuko ni cha duara, upana wake kama sentimita 1, rangi yake nyeupe au manjano hafifu. Na kifuko chote kimejaa vimiiba, kama mbigili. Miiba hiyo ni nyuzi tu, haichomi. Ndani ya kifuko kimoja huweza kuwa na mayai 100 au zaidi, na jike mmoja hutengeneza vifuko vingi katika maisha yake.

Kwa nini tunasema mayai ndiyo alama kubwa? Kwa sababu buibui mwenyewe hujificha mchana, na ukimsumbua hukunja miguu, akajiangusha chini kama amekufa. Mayai hayakimbii. Utayaona mchana kweupe, umesimama mbali, mikono yako iko nyuma. Tena wapo ndugu zake weusi wanaoishi kusini mwa Afrika, ambao sumu yao ni kali zaidi. Hao vifuko vyao ni laini, havina miiba.

Lakini angalia: usipoona mayai usiseme hayupo. Huenda hajataga bado.

WANAOFANANA NAYE

Sasa basi, tusije tukaua kila buibui nyumbani. Wengi ni wasaidizi wetu. Tuwataje wanne.

1. Yuko buibui mwenye miguu mirefu mno, myembamba kama uzi, anayekaa kwenye kona za dari. Ukimgusa hujitikisa. Jike lake hubeba mayai mdomoni. Huyo hana madhara.

2. Yuko buibui bapa anayelala ukutani kama amepigwa pasi. Anakimbia kwa kasi, wala hatandi utando. Huyo naye muache.

3. Yuko buibui mdogo anayeruka. Miguu yake ni mifupi na macho yake ya mbele ni makubwa. Anakamata nzi na mbu. Huko Kenya, kando ya Ziwa Victoria, wachunguzi wamemwona buibui wa jamii hii anayependa hasa kula mbu walioshiba damu. Ukimwua buibui wa namna hii umemwua askari wako mwenyewe.

4. Yuko buibui mkubwa mwenye manyoya, anayekaa shimoni. Pamoja na miguu yake aweza kuwa mpana kama kiganja. Ukimchokoza huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno. Huyu akiuma maumivu ni makali, na misuli huweza kukakamaa. Waambie watoto wasichokoe mashimo kwa vijiti. Tena shimo hilo huenda lina nge, au nyoka.

ANAKAA WAPI?

Buibui kahawia anapenda mahali pakavu, pa giza, pasipoguswa mara kwa mara. Nchi yetu ya uwanda wa kati ina kiangazi kirefu, na vitu vingi tunaviweka hadi masika yajayo. Ndipo anapopata nyumba.

Mtafute hapa:
- chini ya vigoda, viti, meza na mabenchi;
- chini ya mkokoteni na ndani ya matairi mabovu;
- ndani ya ndoo, madumu na mapipa matupu;
- ndani ya mabuti na viatu vya kazi;
- kwenye rundo la matofali, mawe au kuni;
- kwenye kona za choo na chini ya mfuniko wa shimo;
- kwenye mizinga ya nyuki iliyo mitupu.

Buibui huyu hamfukuzi mtu. Huuma akibanwa: kidole kimemfinya chini ya ndoo, mguu umemsukuma ndani ya kiatu, au nguo imemgandamiza kwenye ngozi. Kumbe basi, hatari iko katika mkono unaotangulia mahali ambapo macho hayajafika.

AKIUMA, TUFANYE NINI?

Kwanza mtu husikia kama amechomwa na mwiba. Baadaye mahali hapo huuma zaidi, huwa pekundu, na pengine ngozi ya hapo hutoa jasho. Huenda utaona vitundu viwili vidogo. Kwa watu wengi maumivu hubaki pale pale, kisha hupungua kwa siku moja au mbili.

Mwaka 1993 daktari mmoja wa Afrika Kusini alichapisha maelezo ya watu 45 walioumwa na buibui wa jamii hii, wa kahawia na weusi. Alionyesha kwamba walioumwa na weusi ndio waliougua sana. Lakini tusimdharau huyu wa kahawia. Mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wa moyo huweza kupata taabu kuliko mtu mzima mwenye nguvu.

Fanya hivi:
1. Mtulize mgonjwa. Mwambie akae.
2. Osha mahali palipoumwa kwa maji safi na sabuni.
3. Weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi. Maji ya mtungi yanafaa.
4. Vua pete, bangili au kiatu, kwa sababu mahali hapo huweza kuvimba.
5. Buibui akiwa amekufa, mtie katika kichupa au kiberiti kitupu umpeleke zahanati. Au mpige picha kwa simu. Usipoteze muda kumsaka akiwa hai.
6. Mpeleke mgonjwa zahanati. Mganga atampa dawa ya maumivu, naye ataangalia kama anahitaji sindano ya pepopunda.

Usifanye haya:
- Usichanje kwa wembe. Sumu haitoki. Uchafu ndio unaoingia.
- Usifyonze kwa mdomo.
- Usifunge kamba kwa kukaza.
- Usichome kwa moto. Usipake mafuta ya taa, unga wa betri wala kinyesi cha ng'ombe.

Usingoje hata saa moja ukiona dalili hizi: maumivu yanapanda hadi kwapani au kwenye kinena, tumbo linakaza kama ubao, jasho jingi mwili mzima, kutapika, kuhema kwa shida, mtoto analia bila kunyamaza. Hapo tafuta baiskeli, bodaboda au gari, uende mara moja.

Kuna jambo moja zaidi. Ikiwa mtu ameumwa gizani na hamkumwona aliyemwuma, msiseme tu "ni buibui". Huenda ni nyoka. Fanyeni kama ni nyoka: mgonjwa asitembeetembee, na apelekwe haraka.

Pia si kila kidonda ni cha buibui. Watu wengi huamka na kijipu wakasema, "Buibui amenikojolea." Kidonda kinachokua siku kwa siku kinahitaji kupimwa. Na wewe mfugaji, ukipata kidonda chenye weusi katikati ambacho hakiumi, hasa kama ulichuna ng'ombe aliyejifia, nenda upesi kwa mganga. Huenda ni kimeta, na kimeta huua.

TUJIKINGE

Kazi hii haihitaji fedha. Inahitaji desturi.

Kung'uta viatu kila asubuhi kabla ya kuvaa. Pindua kigoda na ndoo kwa mguu, utazame, ndipo ushike. Usiku nenda chooni na taa au tochi. Kuni zichukue kwa kutazama kila kipande. Fagia kona za nyumba na chini ya viti mara moja kwa wiki, maana buibui huyu hapendi kusumbuliwa.

Ukiona vifuko vyenye miiba, vitoe kwa kijiti kirefu, uviangushe chini, uvikanyage kwa kiatu kigumu au uvitie motoni. Usivipasue kwa vidole. Ukiharibu kifuko kimoja leo, umezuia buibui wengi wa mwezi ujao, kwa maana mayai huanguliwa baada ya wiki mbili au tatu hivi.

Dawa ya kunyunyizia zabibu au alizeti usiilete ndani ya nyumba kwa kazi hii. Ni sumu kwa watoto wako kuliko buibui mwenyewe.

ZOEZI LA DARASA LETU

Siku ile tuliwapa wanakisomo kazi ya nyumbani. Kila mtu azunguke kwake na kijiti, atazame, kisha aandike alichokiona na mahali alipokiona. Asiyeweza kuandika neno, achore.

Kesho yake mama yule alikuja na daftari lake. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda kidogo, lakini zilisomeka. Aliandika:

"Chini ya kinu, 2. Buti la mtoto, 1. Nimechoma yote."

Tulisoma pamoja darasa zima. Tangu hapo darasa lile, kabla ya kukaa, hupindua mabenchi kwanza.

Nawe, ndugu msomaji, fanya zoezi hilo hilo leo. Wasomee na jirani zako ambao hawajajua kusoma.

MASWALI

1. Buibui ana miguu mingapi? Nzi ana mingapi?
2. Chapa ya chini ya tumbo la buibui kahawia ina umbo gani na rangi gani?
3. Kwa nini mayai yake ni alama nzuri kuliko rangi yake?
4. Taja mahali patatu nyumbani kwako ambapo buibui huyu anaweza kukaa.
5. Jirani yako ameumwa, naye anataka kuchanjwa wembe. Utamwambia nini?
6. Taja dalili tatu zinazokuambia umpeleke mgonjwa bila kungoja.
7. Ni buibui yupi nyumbani kwako ambaye hutamwua tena? Kwa nini?